Kibera hadi Riyadh, Mwendo wa Saa Ngapi?

Leo nina swali ambalo akina mama wa Gatwekera kule Kibera na akina mama wa Gatina kule Kawangware huuliza binti anapoingia nyumbani na habari kwamba amepata kazi Saudia. Huko ni mbali kiasi gani? Ndege inachukua saa ngapi? Anayeulizwa mara nyingi ni wakala, na wakala ana jibu lililokaa mdomoni: "Mama, usiogope. Basi la Mombasa linakaa njiani kuliko hiyo ndege."

Hapo wakala hadanganyi. Basi la Mombasa huchukua saa nane, na siku ya ajali pale Salama huchukua zaidi. Ndege ya Uarabuni haifiki huko. Lakini jibu hilo limepima kipande kimoja cha safari, tena kile kilicho rahisi kuliko vyote. Nataka leo tuipime safari nzima.

Tuanze na hicho kipande rahisi. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta pale Embakasi hadi uwanja wa King Khalid mjini Riyadh, ukivuta mstari angani bila kupinda, ni kama kilomita 3,100. Jeddah ni karibu zaidi, kilomita 2,570 hivi. Sasa linganisheni: Johannesburg iko kilomita 2,900 kutoka hapa. Kwa hiyo Jeddah iko jirani nasi kuliko Johannesburg. Lagos, mji wa Waafrika wenzetu, iko kilomita 3,800, mbali kuliko Riyadh yenyewe. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia juu hukata kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Ongeza muda wa kuruka, wa kushuka, na wa kutambaa chini kabla mlango haujafunguliwa, upate saa nne na nusu hivi kama inakwenda moja kwa moja.

Tena saa ya Nairobi na saa ya Riyadh ni moja. Mama anayefunga kibanda chake Makina saa mbili usiku, binti yake aliye Riyadh naye yuko saa mbili usiku. Hali ni hiyo hiyo Doha, Kuwait na Bahrain. Ukifika Dubai au Muscat ndipo unasogeza mshale saa moja mbele. Mtu aliye London au Minnesota humpigia mama yake akiwa amelala, lakini wa Riyadh na wa Kibera wanaamka pamoja na kulala pamoja. Kwa hesabu ya ramani na ya saa, huyu binti hajaenda mbali.

Lakini tiketi anayokatiwa mfanyakazi wa nyumbani aghalabu haiendi moja kwa moja. Inapita Doha, au Sharjah, au Addis Ababa, kwa kuwa nauli ya namna hiyo huwa nafuu. Hapo ndipo anapokutana na safari ya pili, fupi, kati ya viwanja viwili ambavyo hajawahi kuvisikia. Doha hadi Riyadh ni kilomita 490 angani, karibu sawa na barabara ya kutoka Nairobi hadi Mombasa. Dubai hadi Riyadh ni kama 870. Angani ni saa moja na nusu, au mbili kasoro. Lakini kati ya ndege na ndege kuna kukaa kwenye kiti cha chuma, pasipoti mkononi, chakula cha humo bei yake haishikiki, na simu haina laini. Akikaa Doha saa sita, zile saa nne na nusu zimekuwa kumi na mbili, zaidi kidogo. Na bado hatujaanza kuhesabu kwa uzito.

Kuna jambo lilitokea kwenye viwanja hivyo hivyo ambalo linanisaidia kueleza ninachokusudia. Doha na Dubai zimeachana kilomita 380 hivi, safari ya saa moja na dakika kidogo, na watu walikuwa wakienda asubuhi kikazi na kurudi jioni. Tarehe 5 Juni 2017 Saudi Arabia, Umoja wa Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zikavunja uhusiano na Qatar na kufunga anga zao kwa ndege zake. Siku hiyo viwanja havikusogea hata hatua moja, wala bahari kati yao haikupanuka. Lakini aliyetaka kutoka Doha kwenda Dubai ilimbidi azunguke, aende Muscat au Kuwait, asubiri huko, kisha apande ndege nyingine. Saa moja ikawa nusu siku. Ndege zilizotoka upande wetu kwenda Doha nazo zikapinda kupita Oman na anga ya Iran. Mambo yalibaki hivyo miaka mitatu na nusu, hadi Januari 2021 viongozi walipokutana Al-Ula wakapatana. Na tarehe 23 Juni 2025, Qatar ilipofunga anga yake kwa sababu ya mapigano yaliyoihusisha Iran, abiria walikwama kwa muda viwanja vya kila pembe ya dunia, hata hapa kwetu.

Kwa hiyo kilomita pekee haziamui urefu wa safari. Unaamuliwa na mwenye uwezo wa kufungua na kufunga njia. Kwa tajiri wa Doha, mwenye uwezo huo ni mfalme au waziri. Kwa mfanyakazi wa nyumbani, mwenye uwezo huo ni mtu mmoja, katika nyumba moja, mwenye kabati lenye ufunguo.

Lakini kabla ya kufika kwenye kabati hilo, turudi nyumbani, kwa sababu safari ya binti wa Kawangware haianzii Embakasi. Inaanzia kwenye foleni. Kuna pasipoti ya Nyayo House, ambayo mwaka 2023 watu waliingoja miezi. Kuna cheti cha tabia njema cha polisi, na uchunguzi wa afya katika zahanati zilizoteuliwa na nchi za Ghuba. Kuna mafunzo ya kazi za nyumbani, wiki kadhaa, ambapo anafundishwa mashine ya kufulia, jiko la umeme na salamu za Kiarabu, akilala kwenye chumba cha wengi mtaa asioujua. Kisha kuna viza, ambayo inakuja ikija. Wapo waliosubiri mwezi, wapo waliosubiri nusu mwaka, na wakati wote huo kibarua cha kufua nguo Lavington au Kileleshwa amekwisha kukiacha.

Mtu wa mitaa hii anaujua umbali kwa miguu yake. Kuna wanaume wanaotoka Kibera alfajiri, wakifuata reli, kwenda Eneo la Viwanda kutafuta kibarua, na jioni kurudi vile vile, kwa kuwa nauli ya matatu ni chakula cha watoto. Kuna wanawake wanaopanda kilima kutoka Kawangware hadi mageti ya Lavington wakakae ukutani wangoje kuitwa kufua. Hao nikiwaambia kilomita nane najua wananielewa kuliko mtu mwenye gari. Na kila siku juu ya mabati ya Kibera zinapita ndege ndogo za uwanja wa Wilson, ule uliopewa jina la Florence Wilson, mama aliyeanzisha shirika la ndege hapa Nairobi mwaka 1929. Uwanja huo uko ng'ambo tu ya barabara ya Lang'ata. Watoto wanazijua ndege kwa mlio kabla hawajajua kuandika majina yao.

Siku ya kuondoka ikifika, familia inapanda namba 8 au namba 46 hadi mjini, kisha 34 hadi uwanjani, au wanachangisha wakodi gari. Siku hizi kuna barabara ya juu, ile ya kutoka Westlands hadi Mlolongo iliyofunguliwa mwaka 2022, lakini ina malipo, kwa hiyo wengi wanabaki chini kwenye msongamano wa Mombasa Road, mizigo magotini, wakihofia kuchelewa. Uwanjani wanatakiwa saa tatu kabla. Hapo mama anamshika binti mkono, wanapiga picha, wanaomba. Tangu Olympic ya Kibera au Kabiro ya Kawangware hadi kiti cha ndege, siku nzima imekwisha, na bado wakala anasema safari ni saa tano.

Tufike Riyadh sasa. Mwajiri au mtu wake anampokea. Sheria ya huko inakataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi, lakini waliorudi wengi wanasimulia kwamba ilichukuliwa siku ile ile ya kwanza, ikafungiwa kabatini. Mfanyakazi yuko chini ya kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, na kitambulisho chake cha ukaazi, iqama, kinafungamana na huyo kafili. Ili atoke nchini anahitaji ruhusa ya kutoka. Machi 2021 Saudi Arabia ilianzisha marekebisho yaliyowapa wafanyakazi wengi wa kigeni nafuu ya kubadilisha kazi na kusafiri bila ruhusa ya mwajiri. Wafanyakazi wa nyumbani hawakuwamo. Madereva wa familia hawakuwamo. Watunza bustani hawakuwamo. Yaani wale ambao Kibera na Kawangware huwapeleka kwa wingi ndio walioachwa nje ya mlango.

Qatar, ambayo ni ile safari ya dakika themanini na kidogo kutoka Riyadh, iliondoa sharti hilo hata kwa wafanyakazi wa nyumbani Januari 2020. Kinachotakiwa ni kumwarifu mwajiri saa 72 kabla ya kuondoka. Kwa hiyo dada wawili waliokulia ploti moja ya Laini Saba, Kibera, mmoja akaenda Doha na mwingine Riyadh, hawako umbali mmoja na nyumbani. Ramani inasema wa Riyadh yuko karibu zaidi na Nairobi kwa zaidi ya kilomita 200. Sheria inasema wa Doha ndiye aliye karibu. Mimi nafuata sheria, kwa sababu ndiyo inayojua siku ya kurudi.

Mkataba wa kawaida ni wa miaka miwili, na mwajiri ndiye anayepaswa kulipa nauli ya kwenda, na ya kurudi ukikamilika. Mshahara unaotajwa sana ni riyali 900 hadi 1,000 kwa mwezi. Mkataba ukikamilika salama, mtu anarudi kwa zile saa nne na nusu, na wapo wengi waliorudi hivyo. Wamesomesha wadogo zao, wameinua nyumba ya mawe kijijini Kakamega au Kisii, wamefungua duka Congo ya Kawangware au soko la Toi. Hao tunawajua, na mafanikio yao si hadithi ya wakala. Ndiyo maana sisemi hapa kwamba mtu asiende. Ningekuwa nasema jambo ambalo hakuna mzazi mwenye deni la karo angelisikiliza, na kwa haki.

Ninayemzungumzia ni yule ambaye mambo yameharibika mwezi wa nne. Anapigwa, au halipwi, au analala saa tatu kwa siku. Anataka kurudi. Hapo ndipo kilomita 3,100 zinapoanza kurefuka. Mwajiri anasema alilipa fedha nyingi kumpata, arudishiwe kwanza. Wakala wa Nairobi hapokei simu. Wakala wa huko anampeleka sakani, nyumba ya wafanyakazi waliokataliwa au waliokimbia, angojee mwajiri mwingine. Akitoroka, anaandikwa mtoro, na sasa kutoka kunahitaji polisi, ubalozi na faini. Safari ya kurudi imekuwa ya miezi, na wengine miaka. Kuna akina mama waliojifungua huko nje ya ndoa, watoto hawana cheti cha kuzaliwa, na asiye na cheti hapati hati ya kusafiria. Mwaka 2023 maofisa wa serikali yetu walikwenda Riyadh kuchukua vipimo vya DNA ili watoto hao watambuliwe kuwa ni wa mama zao. Fikirieni mtoto anayetembea na kuongea, ambaye kwake Nairobi haifikiki kabisa, ingawa ndege inaondoka kila siku.

Na kuna wanaorudi kwenye jeneza. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliripoti kwamba Wakenya zaidi ya 80 walifia Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili hivi, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani. Mwili nao unahitaji karatasi: ripoti ya kifo, kibali cha mwajiri, mtu wa kulipa. Familia hungoja wiki, nyingine miezi, chama kikichanga, wazee wakiuliza kila Jumapili kanisani kama kuna habari. Kisha wanaitwa upande wa mizigo pale Embakasi. Hiyo nayo ni safari ya saa nne na nusu.

Mababu zetu wa pwani walivuka bahari kwenda Arabuni kwa jahazi. Ilichukua wiki kadhaa kutoka Mombasa hadi Muscat, na bahari iliua. Lakini kila aliyepanda alijua jambo moja: kaskazi ikivuma kuanzia Desemba vyombo vinakuja kutoka Arabuni, na kusi ikishika Aprili vyombo vinarudi huko. Nahodha hakuwa na uwezo wa kuuzuia upepo. Mke aliyebaki Lamu alihesabu msimu, akajua mwezi wa kutazama baharini. Leo tumeshinda upepo, na mama wa Kawangware hana mwezi wa kutazama.

Na Kibera yenyewe inalijua jambo hili la kukosa njia ya kurudi kuliko mtaa wowote wa Nairobi. Wazee wa Kinubi wa Makina ni wajukuu wa askari walioandikishwa na Waingereza kutoka Sudan, wakapigana katika jeshi la KAR (King's African Rifles) huku na huko Afrika Mashariki. Walipomaliza utumishi, waliachwa hapa msituni, mahali palipotengwa kwa ajili ya jeshi, na mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa rasmi. Hawakupewa hati. Tume ya Ardhi ya Carter, katika miaka ya 1930, iliandika waziwazi kwamba serikali ina wajibu kwa askari hao: ama iwarudishe kwao, ama iwatafutie mahali pa kukaa. Serikali haikufanya la kwanza, na la pili ililiacha nusu. Wajukuu walingoja hadi Juni 2017 ndipo jamii ya Wanubi ikapewa hati ya ekari 288. Mwajiri alijua njia ya kuwaleta. Njia ya kuwarudisha haikuwa kazi ya mtu yeyote. Ule wajibu ulioandikwa na tume hauna tofauti na wajibu tunaouzungumzia usiku huu, ila aliyeko ugenini sasa ni binti wa Gatwekera.

Kwa hiyo nikiulizwa Riyadh ni mbali kiasi gani, nitajibu kwa swali: nani ameandika kwamba atakurudisha? Kama kuna jina, kifungu na dhamana, ni saa nne na nusu. Kama hakuna, sijui mtu aliye hai anayeweza kukuambia.

Serikali ina sehemu yake, na haijaifanya sawasawa. Mwaka 2014 ilifuta leseni za mawakala zaidi ya 900 kwa mpigo, ikaonekana kana kwamba jambo limekwisha. Miaka mitatu baadaye milango ikafunguliwa tena kwa makubaliano na nchi hizo. Kanuni zinamtaka wakala aweke dhamana ya fedha, na dhamana hiyo ina kazi gani kama si kumrudisha mfanyakazi aliyekwama? Basi itumike, na itumike kabla mtu hajawa maiti. Pia sioni kwa nini orodha ya mawakala wenye leseni isibandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya chifu wa Kibera na ya Kawangware, pale pale tunapobandikiwa matangazo ya mikutano. Hiyo haigharimu kitu.

Ninyi wazazi na ninyi dada zangu mnaojiandaa, nawaomba hivi. Mkataba usomwe nyumbani kabla ya kutiwa sahihi, na mtu anayekijua Kiingereza au Kiarabu, si mtu wa wakala. Tafuteni mstari unaosema nani analipa tiketi ya kurudi, na itakuwaje kazi ikivunjika kabla ya miaka miwili. Mstari huo usipokuwepo, msitie sahihi. Nakala ya pasipoti, ya viza na ya mkataba ibaki kwa mama, pamoja na jina kamili la mwajiri, mji na namba yake ya simu. Binti aondoke akiwa ameandika namba ya ubalozi wetu wa Riyadh mahali ambapo haitachukuliwa pamoja na simu. Na orodha ya mawakala wenye leseni iko kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira: itazameni kabla hamjatoa hata shilingi moja.